Marehemu wa Chumbani

Fundi wa grili za madirisha alifungiwa chumbani mwake mchana kweupe, na aliyemfungia ni mkewe wa ndoa. Alasiri hiyo hiyo meli ilikuwa inaondoka na kaka yake, aliyepata kazi ya upishi humo. Ndugu hao walikuwa hawasemezani tangu wagombanie kiwanja cha baba yao, lakini asubuhi ile kaka alimtumia ujumbe: "Njoo bandarini tuagane. Yaliyopita si ndwele." Kwa mtu mgumu kama kaka, hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Fundi akafunga karakana mapema, akarudi nyumbani kuoga. Alikuwa na taulo kiunoni, anatafuta shati la heshima, mkewe alipoingia mbiombio.

"Baba Mapacha, kaa kimya. Wageni wa dalali wamefika."

"Si ulisema kesho?"

"Wamebadilisha. Na usitoke humu. Wewe umekufa."

"Nimefanyaje?"

"Umekufa mwaka jana. Dalali amewaambia mimi ni mjane. Watalii wakija kisiwani wanataka kuona maisha ya wenyeji, na nyumba ya mjane inawagusa zaidi. Zenye waume ziko tele."

Kabla hajajibu, mkewe alishatoka na ufunguo ukazunguka kwenye kitasa.

Mlango ulikuwa huo mmoja, unaotokea sebuleni. Dirisha lilikuwa na grili ya nondo nene aliyoichomelea kwa mkono wake, na siku alipoimaliza alijigamba mtaa mzima kwamba mwizi wa kuipita hajazaliwa. Aliishika, akaitikisa kwa nguvu zote. Haikutikisika. Simu nayo ilikuwa sebuleni, inachajiwa karibu na televisheni.

Angeweza kupiga kelele. Lakini kazi za grili zilikuwa zimedorora, na mapacha walikuwa shuleni kwa hela ya dalali. Tena, kumuumbua mkewe mbele ya watu lilikuwa jambo zito. Akajiambia: wageni wa dalali hunywa kikombe kimoja cha chai, wakapiga picha, wakaenda zao. Akabandika sikio mlangoni.

Walikuwa wanne, watu wazima, pamoja na dalali mwenyewe. Mmoja wao, mama mwenye sauti ya upole, alikuwa amejifunza Kiswahili huko kwao, na alikisema polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Pole sana, dada. Mume wako alikuwa mtu wa namna gani?"

Fundi akakaza sikio.

"Mpole," mkewe alijibu. "Mchapakazi. Hakuwahi kunipandishia sauti."

Jana tu mkewe huyo huyo alikuwa amemwita gunia la lawama.

"Na alikuwa ananichekesha," mkewe aliongeza, sauti ikamshuka kidogo. Fundi akajua hilo hakufundishwa na dalali. Alikaa kitandani na taulo lake, akasahau meli kwa muda.

"Tunaweza kuona vyumba?" mama mgeni aliuliza.

"Hapana!" mkewe akaruka. "Chumba cha marehemu hakifunguliwi. Ni mila yetu."

Mila hiyo ilizaliwa dakika ile ile. Dalali, ambaye hulipwa kwa saa, akaikuza papo hapo: "Na mgeni akimkuta mjane, hamwachi peke yake mpaka jua lipoe. Ndiyo heshima."

Wageni wakanong'onezana. Kisha mama akasema kwamba kama ni heshima, basi watakaa. Wakavua viatu, wakakaa. Mtu mkorofi unaweza kumfukuza. Mtu mwenye adabu utamfukuzaje?

Saa ya meli ikawa inamkaribia Fundi. Akagonga mlango, kidogo tu.

"Nini hiyo?"

"Panya," mkewe alisema.

"Mkubwa," dalali akasaidia.

Mkewe akajifanya anafagia karibu na mlango. "Unanitafutia nini?" alinong'ona kwenye tundu la ufunguo.

"Meli, Mama Mapacha! Kaka anaondoka!"

"Vumilia kidogo. Naenda kuchemsha chai ya mwisho, wakinywa nawatoa."

Akaenda jikoni. Hapo simu ikaita. Ikakatika, ikaita tena. Fundi aliujua mlio ule, aliuwekea namba moja tu.

"Simu ya nani?" mama mgeni aliuliza.

"Ya marehemu," dalali akasema. "Bado watu wanampigia, masikini."

"Na huyu hajui? Si vizuri. Mwambie."

Dalali alikuwa ameuza mjane, sasa hakuwa na pa kurudi nyuma. Akapokea. "Halo? Mwenye simu hatunaye tena, ndugu yangu. Ndiyo, amefariki. Poleni sana." Akakata.

Fundi aliuvamia mlango kwa ngumi mbili. "Huyo ni kaka yangu! Nifungulieni!"

Sebuleni wote wakageukia mlango.

"Panya wenu," mama mgeni alisema polepole, "anajua Kiswahili."

Mkewe akaja mbio kutoka jikoni, akafungua. Marehemu akapita katikati ya wageni na taulo lake, akaikwapua simu. Akapiga. Iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena na tena, huku mkewe akimvalisha shati kama mtoto. Alikuwa na mkono mmoja ndani ya shati waliposikia kilio uchochoroni.

"Mdogo wangu! Mdogo wangu jamani!"

Kaka alishuka kwenye pikipiki kabla haijasimama, majirani nyuma yake, wengine wameshaanza kulia bila kujua wanamlilia nani. Akaingia, akamwona. Akamshika uso kwa mikono miwili, akampapasa mashavu, shingo, mabega, kama anayekagua kitu kilichookotwa. Alipohakikisha ni mzima, akamzaba kofi.

"Nimekulilia," alisema. Akatoka.

Meli haikumsubiri. Nafasi ya upishi, aliyoihangaikia miaka mitatu, alipewa kijana aliyekuwa amesimama tu gatini. Begi lake lilishapakiwa, likaenda na nguo zake zote. Dalali hakuleta mgeni tena, na muhula uliofuata mapacha walirudishwa nyumbani, wote wawili. Kaka hupita mbele ya karakana kila asubuhi akienda kutafuta vibarua. Hamsalimii mdogo wake.