Jumapili ya Rabia

Lukelo alikuwa na utani wa kila kitu pale kwenye mashine ya kukoboa mpunga alipokuwa kibarua, hata mtu akidondokewa na gunia. Lakini Jumamosi ile bosi Viktor alipowakusanya vibarua kando ya rundo la pumba, utani ulimkauka mapema.

"Kuanzia kesho, Jumapili ni siku kama nyingine," alisema Viktor. "Yale malipo mara mbili yamekwisha. Malori ya Dar yamepanga foleni, mnayaona."

"Sheria inasema mara mbili, bosi," alisema mzee Damiani, mbebaji mkongwe.

"Sheria hailipi umeme, mzee wangu. Halafu wewe unalilia misa. Wengine hapa hata kanisani hawaendi." Akamgeukia mshonaji wa magunia. "Rabia, swala yako Ijumaa. Jumapili unapoteza nini? Anza kesho kwa malipo ya kawaida, Jumatatu nakuandikia mkataba."

Lukelo akajua yamekwisha. Rabia alikuwa kibarua mwaka wa nne, watoto watatu, baba yao alishajiendea Kidatu. Akiingia yeye kwa bei ya kawaida, wote wataingia. Lukelo alishaandaa na kejeli: hongera, bibi harusi wa bosi.

Rabia akafunga fundo kwenye gunia alilokuwa analishona, akachomeka ile sindano ndefu kwenye kanga yake.

"Bosi, siku sita natoka wanangu wamelala, narudi wamelala. Jumapili ndiyo wananiona uso. Siwezi kuuza uso wangu kwa bei ya Jumanne. Mara mbili, nakuja. La sivyo, huo mkataba mpe mwingine."

Viktor akamtazama Justa, kibarua mwingine. Justa akatikisa kichwa kukataa. Akamtazama mbebaji Donati, naye hivyohivyo. Zamu ikafika kwa Lukelo, bingwa wa maneno.

"Kama dada Rabia," alisema, kwa kisauti cha mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Miaka yote alikuwa akimcheka huyu mama kwa kilemba chake. Sasa alimwona kama unavyoiona Udzungwa wingu likiinuka: kumbe mlima wote ulikuwa hapo hapo.

Viktor akayatazama malori. "Haya. Mara mbili. Saa moja asubuhi."

"Saa tatu, bosi. Ninywe nao chai kwanza."

Hakuna aliyecheka. Viktor akaguna, akaondoka bila kubisha.

Rabia alipopita, Lukelo akampisha njia.

"Shikamoo," alisema. Walipishana miaka mitatu tu.

"Marahaba," alijibu Rabia bila kusimama. "Kesho usichelewe."