Karatasi Mbili za Kamikazi

Kijiko kilianguka gizani, kikalia kwenye sementi. Dative akakipapasa, akakiokota. Alijua vidole vya binti yake vimeamka vimevimba tena, vimekataa kukunja.

"Wacha, mwanangu. Nitakunywesha mwenyewe."

Kamikazi, miaka tisa, alikunywa uji akitweta kati ya kijiko na kijiko. Kulipokucha wakaenda kituo cha afya. Njia ya robo saa iliwachukua saa nzima, kwa kusimama simama.

Nesi Habineza hakuinua kichwa.

"Kikohozi tena? Namwandikia vidonge vya amoxi."

"Amemeza mara tatu, docteur. Homa haishuki, viungo vinavimba, akipanda ngazi tatu pumzi inakatika. Utupe karatasi ya transferi ya hospitali leo."

"Bon. Kifua, transferi yake ni leo. Vidole ni mambo ya mifupa, rudi Alhamisi. Magonjwa mbili, karatasi mbili. Bima ya mituweli ndio inataka hivyo."

"Kwani we, mifupa yake na mapafu yake vinalala nyumba mbalimbali?"

Foleni ikacheka. Dative akafungua daftari lake la shule ya jioni ya watu wazima. Nyuma ya masomo ya hesabu alikuwa amechora safu mbili: siku za vidole, siku za pumzi.

"Tazama. Vikija, vinakuja pamoja. Mganga wa kifua asiposoma habari ya vidole, ataturudisha na amoxi ile ile. Na mtoto huyu hana pumzi ya kuja hapa mara nyingine."

"We ulisomea wapi udaktari?"

"Mimi nilisomea kusoma tu. Na wewe?"

"Yampaye inka!" mama mmoja mwenye kitoto mgongoni akashangilia kwa Kinyarwanda, akipiga makofi. "Amekupata!"

Habineza akaona haya, haya ikageuka hasira. "Toka, mama. Wengine wanangoja."

Dative akavuta kiti, akaketi, akampakata mwanawe. "Wangoje. Sitoki."

"Tutangoja!" yule mama akajibu kwa niaba ya foleni. "Umwandikie kwanza!"

Nesi akachomoa fomu mbili, akazibwaga mezani moja huku, moja kule.

"Haya basi! Hii ya mugonjwa wa kifua, leo. Hii ya mugonjwa wa vidole, Alhamisi. Niandike nini ingine?"

Dative alifungua kinywa, lakini Kamikazi alikwisha kushuka mapajani. Akaegemea meza, akaingoja pumzi yake mpaka ikarudi. Chumba kizima kikaingoja naye.

"Mi niko mutu moja," akasema.