Mkono wa Kushoto wa Marehemu Sabiri

Wiki nzima Uweso alikuwa sebuleni kwa Bi Zuwena, Ngamiani, na rula yake, akipima madaftari ya marehemu Sabiri, yule wa riwaya za kisasa zisizo na mwanzo wala mwisho. Wino gani, ukurasa upi umechanwa, yote aliingiza kwenye kompyuta. Msomi mzima, jamani, hata doa la chai alilipima. Bi Zuwena, mjane wa Sabiri, alimpikia na kumtazama tu.

Alhamisi asubuhi Uweso akaamua kumsomea.

"Bibi, sura hii ya mume kumpiga mkewe aliiandika mara sita. Sikiliza anavyoinoa."

Mara ya kwanza kofi. Ya pili mkanda. Ya tatu mume anamburuza mkewe kwa nywele mpaka uani, anamkandamiza bega kwenye jiko la mkaa.

"Hapo ndipo ubunifu wake ulipoanza," Uweso akasema, uso umemchangamka.

Bi Zuwena akalirudia neno hilo moyoni. Ubunifu, eti. Kila kalamu ilipokwama Sabiri alimwita, akampiga, kisha akarudi mezani kuandika mbiombio, damu haijakauka. Majirani waliongeza sauti ya redio.

"Ya nne," Bi Zuwena akasema, "anamng'oa jino kwa kitako cha chupa."

Uweso akafunua daftari. Ndivyo ilivyoandikwa.

"Kumbe umeyasoma, bibi."

"Sijayagusa." Akafungua mdomo amwonyeshe pengo, kisha akateremsha kanga begani. Kovu lilikuwa pana kama kiganja.

Kijana akanywea. Lakini miaka minne ya masomo si mchezo, akashika daftari la saba.

"Hapa mwandiko umepinda, sentensi zimekatikakatika. Shahada yangu imesimama hapa, bibi: kwamba alihamia mkono wa kushoto makusudi, aivunje lugha."

Bi Zuwena akaingia jikoni, akarudi na mchi wa kinu.

"Siku hiyo alinijia na nyundo, nikamuwahi. Nilimponda mkono wa kulia juu ya meza hiyo hiyo unayoandikia, nikarudia mpaka vidole vikawa kisamvu. Hakukusudia kitu, mjukuu wangu. Na najuta sikumalizia kichwa."

Uweso akafunga kompyuta, akaanza kukusanya vitu vyake. Bi Zuwena akaulaza mchi juu ya daftari la saba.

"Pima," akasema. "Na jina la mwenye nao uliandike."

Uweso akafungua tena kompyuta, akachukua rula. Mchi ulikuwa mrefu, ikabidi aihamishe mara tatu.