Mto wa Kiti cha Dereva

"Chukua vitu vya mumeo, mama, uende. Hapa siyo dukani," alisema askari aliyeegemea geti la uwanja wa magari ya kesi.

Fundi cherehani alimpita, akalifuata gari alilokamatwa nalo mumewe. Tangu jana alikuwa hamwamini mtu, na mumewe ndiye wa kwanza. Miaka miwili dereva huyo hakugusa pombe, kwa sababu mkewe aliapa mbele ya wifi yake: akinywa tena, talaka. Sasa amekamatwa ananuka, gari la bosi wake limemvunja miguu mama muuza mboga, na leo anasomewa mashtaka. Fundi alikuja kuchukua koti lake tu, amkabidhi, kila mtu ashike njia yake.

Koti lilikuwa limeanguka chini ya usukani. Akaingia, akakaa ili alivute, na miguu yake haikufika kwenye pedali. Alishangaa, maana nyumbani mrefu ni yeye. Mumewe mtaani wanamwita Nusu, na haendeshi bila kuvuta kiti mpaka mbele na kukalia mto ambao fundi mwenyewe alimshonea. Kiti hiki kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho. Mto ulikuwa umetupwa huko nyuma.

"Afande, nani amesogeza kiti?"

"Gari halijaguswa tangu ajali. Hata mimi siruhusiwi."

Kisha askari alikitazama kile kiti, akamtazama fundi, akaanza kuhangaika na simu yake. "Koti si umeshapata? Basi, mama."

Fundi aliondoka na koti, na mto pia.

Kwenye korido ya mahakama alimkuta mumewe ameketi na wakili wa bosi, mtu mwenye tabasamu la mchana kutwa.

"Aliyeendesha ni nani?"

"Punguza sauti, mke wangu."

"Ni yule bosi wako mrefu, siyo?"

Wakili akadakia. "Shemeji, mambo yameshapangwa. Atakiri, atapigwa faini, bosi atalipa, kazi yake ipo palepale. Akibisha, nani atamwamini? Kipimo kimeonyesha pombe."

"Pombe ya nani?"

"Yangu," mumewe alisema, macho chini. "Bosi alinipa chupa kabla polisi hawajafika. Akaniambia nipige mafunda."

"Ukanywa."

"Nikanywa."

Fundi aliubana mto kifuani. Alikuwa amejiandaa kumwacha mlevi. Hakujiandaa kwa mtu aliyekunywa kwa kuamriwa, kama anatumwa dukani.

"Kataa," alimnong'oneza. "Ukikataa, lile neno la talaka nalifuta, na wifi nitamwambia mwenyewe."

Macho ya mumewe yakajaa maji. Halafu akaitwa ndani.

"Ni kweli, mheshimiwa," alisema baada ya kusomewa.

Fundi akasimama na mto wake. "Mheshimiwa, siyo kweli! Kiti cha lile gari—"

"Mama, ukae au utoke."

Akatolewa. Akiwa nje ya mlango alisikia hukumu: mwaka mmoja jela, bila faini. Wakili alipita mbele yake bila lile tabasamu.

Kwenye uwanja wa mahakama, bosi alikuwa anangoja kando ya gari jingine. Kwenye usukani alikaa dereva mpya, mzee mwenye mvi.

"Pole, shemeji. Tutakata rufaa. Panda nikufikishe nyumbani." Mdomo wake ulinuka pipi ya mnanaa, na nyuma ya mnanaa ilikuwepo harufu ambayo fundi aliishi nayo miaka mingi. Suala la talaka alikuwa hajaliamua, lakini chuki yake yote sasa ilikuwa kwa mtu huyu.

Bosi akagonga kioo. "Mzee, nipishe. Leo naendesha mwenyewe."

Mzee akashika kitasa cha mlango.

"Usimpishe, baba," fundi alisema. "Mwenzio aliyempisha ndiye huyo anapandishwa karandinga la kwenda jela."

"Shemeji ana uchungu, msamehe," bosi alicheka. "Haya, mzee, shuka."

Mzee aliutazama mto uliokuwa kifuani mwa fundi. Akaachia kitasa, akazima gari, akachomoa funguo, akazikalia.