Maji Hayana Harufu

Kabla ya kutia unga wa kimea, Kristiana alipasha maji moto kwenye sufuria iliyofunikwa, akainama, akafunua kidogo na kuvuta pumzi. Ndivyo wapika pombe ya ulezi wanavyoyapima maji, na mama yake alimfundisha angali binti. Asubuhi hiyo alirudisha mfuniko haraka. Ilikuwa dawa ya viwavi. Hawezi kuikosea, kwani kwa miaka kumi na moja aliifua kwenye mashati ya mumewe Beda, aliyekuwa akipulizia mahindi ya watu kwa bomba la mgongoni bila hata kitambaa cha pua.

Beda alikuwa mlangoni akiota jua, amejifunika blanketi, kikombe cha maji mkononi. Pua yake ilikufa zamani, na kifua nacho kinamsumbua. Kristiana alimpokonya kikombe.

"Mimi sisikii kitu, Mama Leonsi."

"Ndiyo maana nakunusia mimi."

Alijaza maji kwenye chupa, akaenda kwa Cleophas, katibu wa kamati ya maji ya mtaa, akamweleza kuwa juu ya kisima kuna shamba la mahindi na juzi limepuliziwa. Cleophas, bwana mkubwa wa muhuri mmoja, alinusa maji yakiwa ya baridi vilevile, akasema hayana harufu. Kristiana akaomba yapashwe moto kwanza. Akajibiwa kwamba hilo halimo kwenye fomu, na huenda dumu lake la kuchotea ndilo lilikuwa la dawa. Akaitwa Jenifa, anayeuza maji ya kisima hicho kwenye kituo cha mtaa, aulizwe kama kuna mwingine aliyelalamika. Jenifa alitazama ndala zake, akasema hakuna. Kibarua chake ni hicho kimoja, na ana mtoto wa mwaka mmoja.

Cleophas akaandika, akagonga muhuri. "Mama, usitie watu hofu. Pua si kipimo."

Kristiana alirudi nyumbani kwa hasira. Alimwaga maji yote, pombe ya Jumapili ikaishia hapo. Kisha akashika ndoo kwenda chemchemi ya bondeni, mwendo wa saa nzima. Beda akang'ang'ania kumsindikiza. Kila aliposimama kukohoa, mkewe alijifanya anafunga kitenge upya, ili asione kwamba anasubiriwa.

Jioni Jenifa alibisha hodi, mtoto mgongoni, sufuria ndogo mikononi imefunikwa sahani. Aliamkia shikamoo. Kristiana alichelewa kuitikia.

"Nimeyapasha moto, mama. Ni ya mtoto. Naomba uninusie."

Kristiana alifunua sahani, akavuta pumzi, akatikisa kichwa. Beda hakungoja kuambiwa. Aliyamwaga nje, akachota kwenye ndoo yao ya bondeni, akamjazia sufuria.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Jenifa alifungua kituo kama kawaida. Mlangoni Cleophas alikuwa amebandika ile fomu yenye muhuri: maji hayana harufu. Kila aliyefika na ndoo, Jenifa alimnong'oneza jambo, naye akageuza, akashika njia ya bondeni. Hadi saa mbili alikuwa hajauza hata ndoo moja.