Kazungu kwenye Ukuta wa Ghala

Mbodze alikuwa mwanafunzi wa video na sauti katika chuo kimoja cha ufundi mjini Garsen. Mwalimu Zachary alipowaagiza watengeneze kazi za kumulikwa kwenye ukuta wa ghala kuukuu la mpunga, jengo refu kuliko yote pale, hakuhangaika kutafuta la kuonyesha. Kwenye simu yake alikuwa na babake, Kazungu, amesimama juu ya dungu, kichanja kirefu cha shambani kule Idsowe, akiamia ndege wasile mpunga, teo ya kurushia mawe mkononi, akipiga ukelele wake mrefu. Alimrekodi miezi minne tu kabla ya kifo chake.

Alikwenda kumwomba mamake ruhusa. Josephine alikuwa akipepeta mchele, wala hakuinua uso.

"Picha onyesha," alisema. "Sauti yake usiitoe."

"Lakini mama, sauti ndiyo kazi yenyewe."

"Nikimsikia akiita na siwezi kumwitikia, nitafanyaje?"

Mbodze akarudi chuoni, akaiondoa sauti ile, akabakisha upepo na ndege. Mwalimu Zachary alimwambia waziwazi kwamba ameitoa kazi roho. Mbodze akasema anajua, na hataibadilisha.

Siku ya maonyesho, jua lilipozama tu, uwanja wa ghala ulijaa. Josephine alikuja na wanawake wenzake wa Idsowe, akaketi nyuma kabisa. Kazi ya Mbodze ilikuwa ya tatu. Kazungu akatokea ukutani, mkubwa kuliko alivyopata kuwa, teo ikizunguka kichwani, kinywa wazi. Kwelea, wale ndege wala nafaka, wakatimka ukutani mpaka kwenye paa. Lakini yeye kimya.

"Mbona huyu bubu?" akauliza mtu wa mbele, na wengine wakacheka.

Mbodze akainamisha kichwa nyuma ya projekta. Ndipo aliposikia ukelele, mrefu, ukipanda mwishoni vilevile alivyoupandisha babake. Mamake alikuwa amesimama, leso imemteleza begani, akiita kila mumewe alipofungua kinywa. Jirani yake wa shamba akamwitikia, kama wanavyoitikiana dungu kwa dungu msimu wa mpunga. Wengine wakafuata. Halake, mwanafunzi aliyesimamia spika, akapunguza upepo na ndege taratibu, akawaachia wao mpaka picha ikaisha.

Kesho yake Josephine alimwita bintiye kibarazani.

"Ile sauti uliyoitoa, bado unayo?"

"Ninayo, mama."

"Hebu."

Mbodze akamvika hedifoni. Mamake alisikiliza mara tatu, macho kayakaza kwenye viganja vyake. Kisha akazivua, akapangusa uso.

"Siku hiyo alikuwa na mafua," alisema. "Nilimwambia asiende shamba. Hakusikia."

Akazivaa tena.