Betri Iliyoota Mvi

Kila siku saa nne asubuhi, mikate ya mzunguko wa kwanza ikishafika madukani, wasambazaji wanane walirudi kiwandani na baiskeli zao za umeme, wakachomoa betri zikiwa bado za moto na kuzipanga kando ya tanuri. Bosi alitaka zichajiwe papo hapo, zijae mpaka asilimia mia.

Jumanne moja Shangazi aliona betri yake imeota mvi tatu karibu na tundu la chaja. Hakuwa shangazi wa mtu pale. Walimwita hivyo kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Magoti yake yalikuwa yamechoka, na utaratibu ulijulikana: betri ikifa, mwenye nayo anasambaza kwa miguu, kikapu kichwani, hadi ipatikane nyingine. Hakuna aliyewahi kuona nyingine ikipatikana.

Akaipeleka kwa fundi. Fundi alivuta mvi moja, akaitazama.

"Ina mzizi. Shangazi, huyu umemzeesha mwenyewe. Anatoka juani anahema, unamshindilia chakula mpaka anacheua. Kesho unamkimbiza mpaka azimie. Wewe ungeishi?"

"Mimi si ndivyo ninavyoishi?"

"Basi yeye hawezi."

Akamwelekeza: ipoe kwanza kivulini, isingojwe iishe kabisa, ikibaki robo ichajiwe, ikifika themanini ichomolewe. Mia ni ya safari ndefu tu.

Shangazi akawa anaificha nyuma ya magunia ya unga, ameifunika kitambaa ili joto la tanuri lisiifikie. Wenzake wakapata la kusema.

"Shangazi analea!"

"Mtoto ameamkaje leo?"

"Chekeni tu," alisema. "Mungu mwenyewe alipumzika."

Wiki ya tatu mvi zikadondoka, na baiskeli ikaanza kwenda shubiri moja juu ya ardhi. Shangazi akavuka madimbwi bila kulowa, mikate ikafika bila kupondeka, magoti yakaacha kulia. Wenzake wakaacha mzaha, wakaomba nafasi nyuma ya magunia. Mwezi ulipoisha walikuwa wanapaa wote, kimo cha mtu na zaidi, hata jirani mmoja akainua kamba yake ya nguo wapite vizuri.

"Asante, mama!"

"Mkirudi niwekeeni mkate mmoja wa moto!"

Bosi alisimama getini akawaona wakishuka kama njiwa. Aliuliza tu wanafanyaje. Walipomweleza, akabandika karatasi ukutani: kila betri ipumzike saa nzima kivulini kabla ya kuchajiwa.

Walishangilia mpaka waokaji wakatoka nje. Msambazaji mmoja, aliyeitwa Bwana Haraka, akatandika gunia chini, akajilaza.

"Wewe vipi?" Bosi akauliza.

"Saa nzima, Bosi. Si umeandika?"

"Nimeandika betri."

Akafungua stoo. Ndani mlikuwa na betri nane mpya, zilizopumzika humo tangu zinunuliwe, ili hizi zikilala zile zitoke. Mizunguko ya asubuhi ikawa minne badala ya miwili.

Bwana Haraka akakunja gunia. Shangazi akachomeka betri mpya, akakaza kitambaa chake kichwani.

"Twendeni, jamani. Huko juu angalau kuna upepo."

Akaanzisha wimbo wa kumshukuru Mungu, wenzake wakaupokea, wakapaa wote wanane, harufu ya mkate ikatanda mtaa mzima. Kivulini, nyuma ya magunia, betri zilikuwa zimeanza kukoroma.